Pikipiki Kuukuu: Ifufuliwe, Ihifadhiwe au Ichinjwe?

Anayerithi pikipiki iliyosimama stoo tangu miaka ya tisini hakosi washauri. Fundi wa mtaani atamwambia ang'oe injini afunge ya Kichina, jioni hiyohiyo aondoke nayo. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataitazama mara moja na kuuliza kilo. Kijana aliyeona bei za Ulaya mtandaoni ataapa kwamba hiyo ni mali, isiguswe hata kwa kitambaa. Muuza spea naye atatoa boksi lenye nembo ya Honda na kusema hii ni jenuini, kisha atatoa jingine lenye nembo ileile kwa robo ya bei na kusema hata hii ni jenuini, ila ya daraja la pili.

Wote wanne wana haki kwa sehemu, na hapo ndipo mwenye pikipiki anapochanganyikiwa. Fundi anajibu namna ya kutembea, mnunuzi wa chuma namna ya kuondoa mzigo uani, kijana namna ya kutunza thamani, na muuza spea namna ya kuuza. Makala haya yanayatenga maswali hayo. Hoja yake ni kwamba umri wa pikipiki na ubovu wake, ambavyo ndivyo vinavyotazamwa kwanza, vina uzito mdogo kuliko swali ambalo watu huliuliza mwisho: spea za modeli hii zinatengenezwa wapi leo, na nani bado ana sababu ya kuzitengeneza?

## Zilikujaje, zikasimamaje

Pikipiki kuukuu za Afrika Mashariki ni za makundi machache. La kwanza ni Honda ndogo. Super Cub ilitoka Agosti 1958 ikiwa na injini ya cc 49, na mwaka 2017 ukoo wake ulifikisha pikipiki milioni 100. Katikati ya miaka ya 1970 ikafuata CG125. Hii inafaa kuelezwa kidogo, maana itarudi tutakapofika kwenye spea. Honda waliona kwamba injini zao zenye kamshafti kichwani zilikuwa zinakufa mapema katika nchi ambako oili hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Wakarudi nyuma kwa makusudi: kamshafti ikashushwa chini, valvu zikaendeshwa kwa fimbo, cheni ya taiming ikaondolewa. Ikapatikana injini ambayo fundi mwenye spana chache anaweza kuimaliza kibarazani.

Kundi la pili ni za kazi za vijijini: Yamaha za ukoo wa DT, ulioanza na DT-1 ya 1968, pamoja na Honda XL na Suzuki TS. Hizo ndizo zilizobeba mabwana shamba, wahudumu wa afya, mapadri na watumishi wa miradi. La tatu ni Vespa, ambayo vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vinaijua kuliko barabara nyingi za bara. La nne, dogo kuliko yote, ni pikipiki za Kiingereza za enzi ya ukoloni, kama BSA na Triumph. Hizi leo ni za wakusanyaji na za maonyesho kama Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza 1970 na ambayo hushindanisha pikipiki pamoja na magari.

Nyingi hazikusimama kwa sababu injini ilikufa. Uganda iliwafukuza Waasia mwaka 1972, na kwa kuwa biashara ya magari na vipuri ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, mawakala wakapotea ndani ya muda mfupi. Tanzania, baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta, ilikaukiwa na fedha za kigeni. Tairi, cheni na betri vikawa vitu vya kutafutia kibali na kufahamiana na mtu. Miradi nayo ilikuwa na tabia yake: fungu la kununua pikipiki lilikuwapo, la spea liliisha siku mradi ulipofungwa. Pikipiki ikasimama kwa kukosa platini au tairi la mbele, na ikisimama haikai nzima. Wiki hii jirani anaazima kabureta, mwezi ujao mwingine anaazima koili, na hakuna anayerudisha.

Miaka ya 2000 ikamalizia kazi. Pikipiki za China na India zilishuka bei kiasi kwamba matengenezo makubwa ya Honda ya zamani yakakaribia bei ya mpya, na Kenya ilipozipunguzia kodi pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikafurika. Kwa hesabu ya mfukoni, kuiacha ya zamani stoo lilikuwa jambo la akili kabisa. Haifai kuwalaumu waliofanya hivyo.

## Muda unachokula na unachokiacha

Mtu anayeitazama pikipiki iliyosimama miaka 25 hutishwa na vitu visivyotisha. Kutu ya juu juu, rangi iliyopauka, siti iliyochanika, krom iliyobabuka: vyote vinaonekana, na karibu vyote vina dawa. Madhara makubwa yamejificha.

Petroli iliyobaki kwenye tanki hugeuka maji machafu yenye gundi. Ndani ya kabureta gundi hiyo huziba vitundu vyembamba kuliko sindano, na tanki hulika kwa ndani kuanzia usawa ambapo petroli iliishia. Pete za pistoni hushikana na silinda. Kwa injini za mipigo miwili, zile zinazochanganya petroli na oili, tatizo baya zaidi ni sili za krenki. Sili hizo hukakamaa, na injini ikiwaka hunyonya hewa kupitia hapo. Mchanganyiko unapungua petroli, pistoni inapata joto kupita kiasi, na baada ya kilomita chache injini inanoki. Mwenye pikipiki hulaumu oili au fundi, kumbe ni kipande cha mpira kilichokuwa kinasubiri.

Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo kila mtu hulifanya, yaani kuipiga kiki kuona kama inashika, ndilo linaloharibu zaidi. Kilichotakiwa ni kutoa plagi, kumimina oili kidogo kwenye silinda, kuiacha siku mbili tatu, kisha kuizungusha polepole kwa mkono. Na pua ya kupumulia ichunguzwe kabla ya yote: nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo, na udongo ukivutwa ndani ya silinda ni msasa mtupu.

Mahali iliposimama pana uzito kuliko miaka. Pikipiki iliyokaa Dodoma kwa miaka 30 chini ya paa inaweza kuwa na chuma kizima kuliko iliyokaa Mombasa au Unguja kwa miaka 5. Vespa ndiyo inayoumia zaidi na chumvi ya pwani, kwa sababu haina fremu ya mabomba iliyojitenga na bodi. Bati lake ndilo fremu, na sakafu ya miguu ikioza ni chesisi yenyewe imeoza. Kabla ya kuuliza bei ya pistoni, mnunuzi wa Vespa ya pwani anapaswa kulala chini na kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, asikilize.

## Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza unasema: irudi kama ilivyotoka kiwandani. Rangi ileile, stika zilezile, bolti zenye alama zilezile, spea za kampuni pekee. Nguvu yake ni kwamba una kipimo. Kazi ina mwisho unaojulikana, na soko la wakusanyaji linajua kulipia kazi hiyo. Udhaifu wake ni gharama isiyotabirika, pamoja na kejeli moja ambayo wafuasi wake hawapendi kuisikia: pikipiki nyingi "zilizorudishwa kiwandani" ni nzuri kuliko kiwanda kilivyowahi kuzitoa. Honda ya mwaka 1978 haikuwa na rangi yenye kina cha kioo wala injini iliyong'arishwa. Kinachotokea hapo ni kutengeneza kitu kipya chenye namba ya zamani.

Kejeli hiyo ndiyo inayoupa nguvu msimamo wa pili, wa kuhifadhi. FIVA, shirikisho la kimataifa la vyombo vya kale lililoundwa 1966, lina Hati ya Turin inayotaka chombo kihifadhiwe kadiri inavyowezekana, na kila kinachobadilishwa kiandikwe. Mkwaruzo wa tanki, nembo ya wizara iliyopauka kwenye ubavu, ubao wa mizigo uliochomelewa na fundi wa Iringa: yote hayo ni ushahidi wa maisha ya chombo. Kwa pikipiki za mradi na za serikali msimamo huu una maana zaidi hapa kwetu kuliko huko ulikoandikwa, kwa sababu nyaraka za kipindi hicho ni chache na vyombo vyenyewe ndivyo vinavyosimulia. Lakini unadai jambo ambalo si wengi wanaolimudu. FIVA hutambua chombo cha kihistoria kuwa chenye umri wa angalau miaka 30 na kisichotumika kwa usafiri wa kila siku. Familia yenye pikipiki moja haiwezi kuifanya makumbusho.

Msimamo wa tatu ni wa mafundi wengi wazuri: ifufuliwe itembee, iwe salama, sura yake itunzwe inapowezekana, na ndani iwekwe kinachopatikana. Umeme wa volti 6 ubadilishwe kuwa 12, platini zitupwe ifungwe CDI, yaani uwashaji wa kielektroniki, tairi liwe lolote linaloingia. Huu ndio msimamo wenye manufaa mengi na ndio unaoharibiwa kirahisi, kwa sababu hauna kipimo cha kukomea. Leo umebadilisha taa, kesho usukani, keshokutwa injini, mwishoni kilichobaki ni tanki na jina.

Hapo unaingia msimamo wa nne, wa injini ya Kichina. Mashabiki wa pikipiki za zamani huucheka, lakini si wa kipuuzi. Kama fremu ni nzima, injini imeoza na mwenye chombo anahitaji kubeba maji na majani ya ng'ombe, injini mpya yenye spea kila kona ni jibu la busara. Gharama zake zimejificha kwingine. Fremu na breki za miaka ya 1970 hazikupangiwa nguvu hiyo, mabano ya kuchomelea hupasuka, na namba ya injini kwenye kadi haifanani tena na iliyo kwenye chuma.

Wa mwisho ni kuchinja. Watu huuona kama usaliti, ingawa bila pikipiki zilizochinjwa nyingi zilizo barabarani zisingekuwepo. Pikipiki tatu mbovu za modeli moja hutoa moja nzima na akiba. Kosa liko katika kuchinja ile iliyokuwa na kadi, fremu safi na viungo vyote, kwa sababu tu ndiyo ya kwanza kufikiwa.

## Spea zinaishi wapi

Mjadala wa jenuini na kopi umezama katika hisia kiasi kwamba jambo rahisi limesahaulika: sehemu kubwa ya vitu vinavyochakaa kwenye pikipiki si vya pikipiki hata kidogo. Beringi yenye namba 6302 ni ya milimita 15 kwa 42 kwa 13, iwe imetoka kwenye Honda, Yamaha au pampu ya maji. Sili nyingi za oili zimechapwa vipimo vyake usoni. Cheni ya 428 ni 428 popote. Plagi, balbu, waya, o-ringi na fyuzi vina vipimo vya dunia nzima. Mtu anayeingia duka la pikipiki Kariakoo au Kirinyaga Road na kuuliza "beringi ya gurudumu la DT" ataambiwa hakuna. Akienda duka la beringi na namba mkononi atahudumiwa kwa dakika mbili, tena atachagua kati ya ya Japani na ya bei nafuu. Kabla ya kutamka kwamba spea za modeli fulani hazipatikani, vitu hivi viondolewe kwanza kwenye orodha. Kinachobaki ndicho tatizo lenyewe, na huwa ni kifupi kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa kinachobaki, hali hutofautiana sana kulingana na jina la pikipiki, na hapa umri unakuwa kipimo kibovu kabisa.

CG125 ndiyo iliyobahatika. Muundo wake ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, na injini za bodaboda kadhaa zilizojaa mitaani, zikiwamo za majina ambayo wasomaji wanayajua, ni wajukuu wake. Silinda ya milimita 56.5 na mpigo wa 49.5 vimebaki vilevile kwenye kopi nyingi za cc 125. Maana yake pistoni, pete, gasketi, fimbo za valvu na bamba za klachi viko katika kila mji mdogo, kwa bei ya bodaboda. Tahadhari ni upande wa umeme: CG za mwanzo zilikuwa za volti 6 na platini, wakati kopi ni volti 12 na CDI. Magneti, koili na CDI vinabadilishwa vyote pamoja au havibadilishwi. Kuchanganya kimoja cha huku na kimoja cha kule ndiko kunakoleta zile pikipiki zinazowaka asubuhi na kugoma jua likipanda. Hata Super Cub ina nafuu ya aina hiyo, kwa kuwa injini yake ya kulala imenakiliwa kote Asia. Isitoshe, kampuni ya Atlas Honda ya Pakistani imeendelea kwa miongo kutengeneza CD70 yenye injini ya ukoo huohuo.

Vespa inaishi kwa sababu nyingine: inapendwa. PX, iliyozinduliwa 1977, iliendelea kutengenezwa hadi ndani ya miaka ya 2010. India ilizalisha ndugu zake kwa miaka mingi kupitia Bajaj na baadaye LML ya Kanpur, na maduka ya Ujerumani na Italia yanauza karibu kila kipande chake, kuanzia sakafu ya bati hadi raba ya kiki. Pikipiki za Kiingereza zina bahati hiyohiyo kwa namna inayoshangaza. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bado pistoni ya Bantam mpya inaweza kuagizwa kutoka Uingereza wiki hii, kwa sababu wako wazee na karakana ndogo zinazoishi kwa kazi hiyo. Shida ya huko ni ndogo na ya kuudhi: nati za Whitworth hazikubali spana za milimita, na fundi asiyejua atazila kona zote kabla ya kugundua.

Wanaoumia ni wa katikati, hasa pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zilizouzwa kwa ajili ya masoko machache. Si za zamani vya kutosha kupendwa na wakusanyaji, wala muundo wao haukunakiliwa na mtu. Mfano maarufu ni Honda XL250S ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyopewa gurudumu la mbele la inchi 23. Wazo halikudumu, kampuni za tairi zikahama, na leo pikipiki yenye injini nzima inaweza kusimama kwa kukosa tairi. Suluhisho la wengi ni kufunga rimu ya inchi 21 kwa njiti mpya. Anayetaka asili atapinga, na kwa jambo hili hana hoja, kwa sababu tairi lililokakamaa la miaka 30 ni hatari hata kama lina nembo sahihi.

Tuje sasa kwenye vyanzo vyenyewe. Jenuini za zamani ambazo hazijawahi kufungwa bado ziko kwenye maghala ya Ulaya na Japani, na pengine kwenye rafu za juu za duka la wakala wa zamani mjini kwako. Honda hurahisisha utafutaji kwa mfumo wa namba wa tarakimu 5, 3 na 3. Za mwanzo hutaja kitu chenyewe, pistoni ya kipimo cha kawaida ikiwa 13101. Za kati hutaja modeli iliyobuniwa nacho, na za mwisho hutaja toleo. Ukiijua namba unaweza kugundua kwamba kipuri kilichokufa kwenye modeli yako kinatumika kwenye nyingine iliyo hai. Lakini si kila kitu kipya cha zamani ni kipya. Mpira huzeeka ukiwa ndani ya nailoni, na breki shuu zilizokaa miaka 40 zinaweza kuachia bitana yake mara ya kwanza unapokanyaga breki ukiteremka Kitonga. Chuma, gia na magamba ya injini vya ghalani vinunuliwe kwa furaha. Sili, mipira na breki za ghalani ziachwe. Breki shuu za enzi hizo zilitumia asbesto pia, kwa hiyo vumbi la ngoma lisipulizwe kwa kompresa kama ilivyo desturi, lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Kopi haistahili dharau ya jumla wala imani ya jumla. Waumini wa jenuini wakumbuke kwamba pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya 1955, ilikuwa nakala ya DKW RT125 ya Ujerumani, kama ilivyokuwa BSA Bantam kabla yake. Historia nzima ya pikipiki ndogo imejengwa juu ya kunakiliana. Swali la maana ni kipande kipi. Kioo cha taa, kava ya siti, kebo au mkono wa klachi vya kopi vikiharibika unapata usumbufu. Konrodi, valvu au njiti za kopi duni zikiharibika unaweza kupata jeneza. Kabureta iko katikati, na ndiyo kopi inayopoteza muda wa mafundi kuliko zote. Nje inafanana kabisa, ndani vitundu vimetobolewa ovyo, na siku tatu zinaishia kwenye kurekebisha kisichorekebishika. Kusafisha kabureta ya zamani ya Keihin au Mikuni na kununua jeti zake tu mara nyingi ni nafuu na ni bora. Bandia iliyojificha ndani ya boksi la jenuini ni jambo jingine. Huo ni wizi, na kinga yake ni kulinganisha namba ya kipuri na kununua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa.

Mtumba una faida ya kuwa umepimwa na kazi, pamoja na kasoro ya kutokuwa na historia. Gia, magamba ya injini, tanki na fremu ni vizuri kuchukuliwa kutoka kwenye chombo kilichochinjwa. Ila fremu na injini visinunuliwe bila karatasi, kwa sababu si kila pikipiki iliyochinjwa ilichinjwa na mwenyewe.

Kuna chanzo kingine ambacho waandishi wa Ulaya hawakitaji, nacho ndicho nguvu yetu kubwa: kutengeneza. Wakerezaji wa Gerezani, wachomeleaji wa Kamukunji na mafundi wa Kisekka hukereza bushi, hurefusha maisha ya silinda iliyokwisha kwa kuitia slivu mpya, hukata gasketi, hubandika bitana mpya ya breki na kunyoosha rimu kwa bei ambayo karakana ya London isingewasha hata taa. Msukaji wa mota anaweza kusuka upya koili ya magneti iliyoungua. Mipaka ipo. Gia zinahitaji chuma kilichokomazwa kwa joto, na meno yaliyokatwa kwa chuma laini huisha kwa msimu mmoja. Kukereza silinda kwa ajili ya pistoni kubwa zaidi, ya 0.25 au 0.50, kunahitaji mashine iliyonyooka na fundi mwenye subira ya kupima mara tano. Na pistoni inunuliwe kwanza, silinda ichongwe kuifuata hiyo. Wanaogeuza mpangilio huu hubaki na tundu lisilo na pistoni.

Kuagiza nje kuna hesabu yake. Bei ya mtandaoni ni mwanzo tu. Juu yake kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda au 16 Kenya, na muda. Kipande chepesi cha bei ndogo kinaweza kugharimu mara tatu kikifika. Kinachopunguza maumivu ni kuifungua pikipiki yote kwanza, kuandika orodha kamili na kuagiza mara moja. Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou kila mara hukubali kubeba vipuri vidogo, mradi wapewe namba na picha, si jina la modeli tu.

## Petroli na kadi

Kuna hofu inayozungushwa kwamba injini za zamani haziwezi petroli ya leo kwa kuwa haina risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Honda na Yamaha kuukuu zimeendelea kutembea. Vichwa vyao vya aluminiamu vina viti vya valvu vya chuma kigumu, na injini za mipigo miwili hazina valvu hizo kabisa. Hofu hiyo ina ukweli kwa baadhi ya injini za Kiingereza zenye vichwa vya chuma cha kumimina, hasa zikiendeshwa kwa kasi ya juu muda mrefu.

Kadi ina uzito zaidi. Kadi ya Tanzania na logbook ya Kenya hubeba namba ya chesisi na ya injini. Pikipiki ya mradi uliofungwa huweza kuwa bado imeandikwa kwa jina la wizara au shirika ambalo halipo, na kuhamisha umiliki kunadai barua ambazo hakuna tena wa kuzitia saini. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kununua hata plagi. Zipo pikipiki zilizofufuliwa kwa ustadi wote ambazo haziwezi kutoka getini.

## Mizani ikiwekwa

Tukirudi kwa washauri wa mwanzo, uamuzi unaweza kupangwa. Kama modeli ni CG, Super Cub au nyingine ambayo muundo wake bado uko sokoni, msimamo wa tatu unashinda bila ubishi mkubwa: ifufuliwe itembee, injini yake ya asili ibaki, ndani itumie kopi nzuri, na vile vya asili vinavyotolewa vifungwe kwenye boksi badala ya kutupwa. Kufunga injini nzima ya Kichina kwenye CG ni kupoteza, kwa sababu spea za kufufua injini yake ndizo hizohizo zilizo kwenye injini mpya.

Kwa Vespa, bati ndilo linaloamua. Sakafu nzima inastahili gharama ya kuagiza nje. Sakafu iliyooza inadai fundi wa bati hodari kuliko fundi wa injini, na asipopatikana, pikipiki hiyo ni akiba ya spea kwa nyingine. BSA au Triumph isiharakishwe. Spea zake zitaendelea kuwepo, thamani yake imo katika ukamilifu, na rangi yake ya asili ikikwanguliwa hairudi. Hapa wahifadhi wana hoja nzito kuliko wapaka rangi.

DT, TS na XL ndizo zinazohitaji uamuzi mgumu, nazo ndizo nyingi vijijini. Ikiwa moja peke yake, imeibiwa kabureta na magneti, mtu asianze kazi kwa matumaini. Zikipatikana mbili au tatu za modeli moja, hesabu inageuka: moja inafufuliwa, zilizobaki zinachinjwa kwa utaratibu na kila kipande kinaandikwa. Anayefunga injini ya Kichina kwenye fremu pweke ya DT iliyokosa kila kitu hajakosea, mradi abadilishe namba kwenye kadi na aongeze breki kulingana na nguvu.

Mkanganyiko unaobaki ni wa fedha, na hapa yule kijana wa bei za Ulaya ndiye aliyepotoka zaidi. Bei hizo hulipwa na wanunuzi walio kulekule, kwa pikipiki zilizo kulekule, zenye historia ya maandishi. Anayefufua CG mjini Morogoro akitarajia kuuza kwa bei ya Amsterdam atapata hasara. Anayeifufua kwa kuwa atapata chombo cha kazi chenye spea nafuu na injini iliyobuniwa kuvumilia kusahauliwa amepiga hesabu sahihi, na jambo la kwanza analopaswa kuomba kwa muuzaji ni kuiona kadi.